Kiti Namba Moja

Siku niliyomwambia mama kwamba nimepata kazi ya kusafisha mfumo wa tiketi za mabasi, aliweka chini ungo wa mchele, akanitazama, akauliza, "Umesoma chuo miaka yote ile, wakupe ufagio?"

Nilicheka, nikakaa naye kwenye mkeka nimweleze. Nikamwambia kuwa pale stendi ya Mbezi Luis kila wakala wa basi ana kimashine mkononi. Ukimwambia unakwenda Songea, anabonyeza, kinatoa karatasi yenye namba ya kiti chako. Kile kimashine hakiwezi kufanya kazi peke yake. Kinaiuliza kompyuta kubwa ya ofisini kwetu viti gani viko wazi, na kikishauza kinairudishia taarifa. Mazungumzo hayo yote hupita kwenye programu iliyoandikwa zamani kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Java, na programu hiyo imechakaa. Kazi yangu ni kuipitia mstari kwa mstari, niondoe yasiyotakiwa na kupanga upya yanayotakiwa.

Mama akauchukua ungo wake. "Haya. Kusafisha ni kusafisha tu. Utaokota mengi."

Tulikuwa tunakaa Mbagala wakati huo, kwenye nyumba aliyoiacha baba. Ofisi ilikuwa Mabibo, ghorofa ya juu, nyuma ya soko. Malori ya ndizi na vitunguu yalishushwa chini ya dirisha letu, na mchana kutwa tulinusa vitunguu mpaka vikaacha kutunukia. Mwenye kampuni alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Temeke, Kiswahili chake cha mjini kuliko changu, na alipita ofisini mara chache kwa wiki kuuliza kama tumekunywa chai. Mambo yote ya kompyuta aliyaacha mikononi mwa mtu mmoja, ambaye sisi sote tulimwita Mkuu.

Mkuu ndiye aliyeiandika ile programu. Aliiandika peke yake, enzi kampuni ina meza mbili na basi moja la kujaribia. Nilijua hivyo kabla sijaifungua, kwa sababu aliniambia siku ya kwanza, na siku ya pili, na kila mgeni alipokuja. Alikuwa na haki ya kujivunia. Mabasi mengi yalikuwa yanaondoka alfajiri kwa sababu ya kazi ya kichwa chake.

Lakini nilipoifungua nilishika kichwa.

Nilikuta faili moja refu kiasi kwamba ukitafuta jambo lililo katikati unasahau lililokuwa juu. Nilikuta mafaili yanayofanana, moja linaitwa TiketiMpya, jingine TiketiMpyaMpya, jingine TiketiYaMwisho, jingine TiketiYaMwishoKabisa. Nilitumia siku nzima kutafuta lipi kati ya hayo ndilo linalofanya kazi. Halikuwa hata moja. Lililokuwa linafanya kazi liliitwa TiketiYaZamani.

Kimashine kilipopiga hodi, programu ilifungua njia ya kuzungumza nacho, kisha haikuifunga tena. Njia ziliachwa wazi, zikalundikana, na kufikia jioni kompyuta ilikuwa imelemewa, haijibu mtu. Dawa yao haikuwa kuzifunga. Dawa yao ilikuwa kumfundisha mlinzi wa ofisi aizime na kuiwasha kompyuta kila baada ya swala ya alfajiri. Mlinzi alikuwa mtu mwaminifu, hakukosa hata siku ya Idi.

Jambo lililonikera kuliko yote lilihusu makosa. Kwenye Java, kitu kikiharibika, unaweza kulikamata lile kosa kabla halijaiangusha programu nzima. Ukishalikamata, unatakiwa ufanye nalo kitu: uliandike mahali, au urekebishe, au angalau umwambie mtu. Mkuu alikuwa anayakamata makosa na kuyatupa. Kila mahali niliona mabano mawili na katikati yake hakuna kitu. Kosa linakuja, linashikwa, linanyamazishwa, kazi inaendelea kama vile hakuna lililotokea. Na juu ya sehemu inayosoma ujumbe kutoka kwenye vimashine alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: USIGUSE HAPA.

Nikaanza pembeni. Niliyaondoa mafaili yasiyotumika, nikafunga njia zilizoachwa wazi. Nilifanya polepole, nikijaribu kila hatua. Kesho yake asubuhi nikakuta yote yamerudishwa yalivyokuwa.

Nilikwenda mezani kwake. "Mkuu, ile kazi yangu ya jana siioni."

"Nimeirudisha," alisema bila kuinua macho. "Dada, kitu kinachofanya kazi hakiguswi."

"Lakini uliniajiri niguse."

"Nilikuajiri usafishe. Usafi na kuvunja ni vitu viwili."

"Yale mafaili hayatumiki hata moja, Mkuu. Nimehakikisha."

"Wewe umekuja juzi. Mie nalala nayo hiyo."

Tuliishi hivyo kwa miezi. Ninafuta, anarudisha. Nikibadilisha jina ili lieleweke, analalamika kwamba hapati vitu vyake. Siku nyingine ananikubalia jambo asubuhi, jioni anasema hakumbuki. Nilikuwa narudi nyumbani nimenuna, mama ananiuliza, "Leo tena?" nami nasema, "Leo tena," halafu tunakula.

Wakati huohuo kulikuwa na ishu nyingine iliyokuwa haiishi. Abiria walikuwa wanagombania viti. Watu wawili wanapanda basi moja, wote wana karatasi halali, wote kiti namba kumi na nne. Kondakta anapiga simu ofisini, ofisi inamwita Mkuu, Mkuu anaangalia kwenye kompyuta na kusema mmoja wao kauziwa kihuni. Kila mara jibu lilikuwa moja kati ya mawili: ama mtandao mbovu, ama mawakala ni wajanja.

Mara nyingi lawama zilimwangukia wakala mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa pwani, wa Kilwa kwa asili, ambaye dirisha lake lilikuwa kona ya ndani kabisa pale stendi. Kompyuta yetu ilionyesha ameuza kiti namba moja, abiria wake ameshika karatasi ya namba kumi na nne. Mkuu akasema huyo anachezea mashine, anajiuzia viti pembeni. Siku moja walikwenda na gari la ofisi, Mkuu, msimamizi wa mawakala na watu wengine wawili, wakamsimamisha kazi mbele ya wenzake. Mimi nilitumwa siku iliyofuata kwenda kukichukua kimashine chake tukikague.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya dirisha lake lililofungwa, mtandio umefunika mabega, kimashine amekipakata.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiye."

Akanikabidhi. "Mie sijauza kiti mara mbili. Nimewaambia, hawataki kusikia. Wewe uliyesoma hebu kaangalie, kisha uniambie nimefanyaje."

Nilisema nitaangalia. Ukweli ni kwamba nilimwamini Mkuu. Niliionea kinyaa programu yake, lakini sikuwa na sababu ya kufikiri kwamba anadanganya kuhusu watu, na kwa kweli hakuwa anadanganya. Alikuwa anaamini anachosema. Kimashine nilikikagua, nikakikuta kizima, nikakiweka kwenye kabati pamoja na vingine. Yule dada hakurudi kazini, na ofisini hakuna aliyemtaja tena.

Kilichofuata kilitokea kwa sababu ya ubishi wangu tu. Mkuu alisafiri kwenda msibani kwao, Bukoba, akakaa huko kwa muda. Nikasema sasa au basi. Sikuigusa ile sehemu ya USIGUSE kwa namna ya kubadilisha inavyofanya kazi. Nilichofanya ni kwenda kwenye kila mabano matupu, pale makosa yalipokuwa yanatupwa, nikaiambia programu iandike: kosa gani, saa ngapi, kutoka kimashine kipi, na ujumbe ulikuwaje. Nikatoka kwenda kununua mihogo ya kuchoma chini sokoni. Niliporudi, faili la makosa lilikuwa limejaa.

Nilikaa nikasoma huku mihogo inapoa. Makosa yalikuwa mengi, lakini ya aina moja. Programu ililalamika kwamba imepokea ujumbe usioeleweka. Nikaangalia ujumbe wenyewe, ni tarakimu moja tu mwanzoni, kisha jina la basi na tarehe. Nne, jina la basi. Saba, jina la basi. Mbili, jina la basi. Ujumbe wa kawaida ulitakiwa uanze na neno kiti, kisha namba, kisha mengineyo. Hizi zilikuwa kama sentensi zilizokatwa kichwa.

Nikauliza, kichwa kiko wapi?

Nikarudi nyuma kidogo kwenye rekodi, nikakiona. Kabla ya ile nne kulikuwa na ujumbe mwingine kutoka kimashine hichohicho, unasema kiti namba moja, halafu hauna kingine.

 Moja, halafu nne. Kumi na nne.

Jambo lenyewe, kwa mtu asiye wa kazi hii, ni hili. Ujumbe unaosafiri kwenye mtandao haulazimiki kufika wote kwa mkupuo. Mtandao ukiwa mzuri, unafika mzima. Ukiwa dhaifu, unaweza kufika vipande viwili au vitatu, na anayepokea anatakiwa asubiri mpaka vitimie ndipo asome. Hilo ni jambo tunalofundishwa mapema kabisa. Programu ya Mkuu haikusubiri. Ilisoma mara moja chochote kilichofika na kukiamini. Kikifika "kiti 1" iliandika kiti namba moja kimeuzwa, kwenye basi ambalo kimashine kilikuwa kimetoka kuuliza viti vyake. Ile "4" iliyochelewa iliposhuka, haikueleweka, ikawa kosa, na kosa likatupwa kimya kwenye mabano matupu. Kwa kuwa kimashine kilikuwa kinatoa karatasi papo hapo bila kungoja jibu, abiria alishaondoka na kumi na nne yake halali. Huku kwetu kumi na nne ilionekana bado iko wazi. Wakala mwingine akaiuza.

Na kiti namba moja, kile cha nyuma ya dereva, mara nyingine kiliondoka kitupu, watu wawili wanavutana mashati nyuma.

Nilifungua taarifa za zamani. Kila nilipokuta ugomvi wa kiti, nilikuta kwetu imeandikwa tarakimu ya kwanza tu ya namba iliyo kwenye karatasi ya abiria. Ugomvi mwingi ulitoka kona ya ndani ya stendi, ambako mtandao unafika kwa shida. Kule ndiko dirisha la yule dada lilikokuwa.

Nilisimama dirishani. Chini walikuwa wanashusha vitunguu, wanarushiana magunia na kutaniana. Nilitaka kumpigia mtu simu na kupiga kelele, lakini sikujua nimpigie nani. Mama angesema nile kwanza.

Mkuu aliporudi nilimwacha apokee pole za watu, nikangoja mpaka amekunywa chai. Kisha nikamwomba aje mezani kwangu. Nilikuwa nimetengeneza kimashine cha uongo ndani ya kompyuta yangu, kinachotuma "kiti 1", kinapumzika kidogo, kisha kinatuma "4" na yaliyobaki. Nikabonyeza mbele yake. Kwenye kioo ikatokea: kiti namba moja kimeuzwa.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Kiti namba moja kimeuzwa.

"Sasa huo si mtandao? Mtandao mbovu, sie tufanyeje?"

"Mtandao ukiwa mbovu sie ndio tunatakiwa tuusubiri, Mkuu. Hapa hatusubiri. Tunasoma nusu tunaita nzima."

Alivuta kiti akakaa. Akasogeza kioo, akasoma mistari yake mwenyewe kwa muda mrefu, midomo inacheza kama mtu anayepitia sura aliyohifadhi utotoni. Nilidhani atasema kitu kikubwa. Akasema, "Sawa. Rekebisha."

"Na yule dada wa Mbezi?"

"Yupi?"

"Yule tuliyemsimamisha."

"Aah." Akasimama. "Yule ana mambo mengine pia. Yaliyopita si ndwele. Rekebisha, na mzee usimsumbue na vitu vya kitaalamu, hatavielewa."

Hapo ndipo hasira iliponipanda mpaka masikioni. Siyo kwa sababu alikosea. Watu wote wanaoandika programu wanakosea, na wanaoandika peke yao, wakiharakishwa, wanakosea zaidi. Ni ile "ana mambo mengine." Nilimuuliza mambo gani. Akasema hakumbuki vizuri, lakini yapo. Nikamuuliza nani anayakumbuka. Akaenda kuswali.

Nilirekebisha. Haikuchukua muda, mistari michache tu, ya kuiambia programu ingoje mpaka ujumbe utimie. Nilifuta pia ile USIGUSE HAPA. Kisha nikakaa na lile jambo siku kadhaa, nikijiambia ni kazi ya Mkuu kulisema, na kila siku Mkuu akija ananisalimia vizuri, ananiuliza hali ya mama, halafu anafunga mlango wake.

Mwishoni nilimvizia mzee siku aliyopita kuuliza kuhusu chai.

"Mzee, shikamoo. Naomba dakika chache."

Nilimweleza kama nilivyomweleza mama: kimashine, kompyuta, ujumbe unaofika vipande. Alielewa bila shida. Miaka yote amefanya biashara ya kupokea mizigo nusunusu kutoka bandarini, haikuhitaji utaalamu.

Akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo tulimwonea?"

"Ndiyo, mzee."

Akashika kidevu. Akaagiza msimamizi wa mawakala apigiwe, aambiwe yule mama arudishwe dirishani kwake. Nikauliza kama ofisi itamwita imweleze. Akasema msimamizi atamweleza. Msimamizi, nilivyokuja kujua, alimpigia simu na kusema: "Umesamehewa, njoo kazini."

Umesamehewa. Niliposikia neno hilo nilitoka nje nikazunguka soko zima.

Mkuu aliacha kunisalimia. Akinitaka kitu alimtuma mhasibu. Ofisi ilikuwa ndogo, kwa hiyo mhasibu alisimama katikati yetu, akimwambia kila mmoja kile ambacho mwenzake amekwisha kukisikia.

Yule dada hakurudi kazini. Niliomba namba yake kwa wakala mwenzake, nikajua kwamba anakaa Mbagala, si mbali sana na kwetu. Jumamosi moja nilitembea mpaka kwake. Alikuwa barazani anauza sambusa na kachori, amekaa nyuma ya kabati la kioo. Alinitambua kabla sijafika.

"Wa kompyuta."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu sambusa."

Nikamwambia sikuja kununua. Nikamweleza yote, nimesimama juani, na yeye anaendelea kukunja sambusa. Nilimweleza vipande, namba iliyokatwa, kona yake yenye mtandao dhaifu. Nilimwambia hakuna kosa alilofanya. Nilimwambia kosa lilikuwa letu tangu mwanzo. Nilidhani atalia, au atashukuru. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

Akauliza, "Umejua lini?"

Nikamwambia.

"Na ndiyo unakuja leo."

"Nilidhani ofisi itakuita, dada."

"Ofisi imenisamehe." Alitema lile neno kama kokwa. "Kuniita mwizi mlikuja gari zima. Mkanisimamisha na watu wa stendi wote wanaangalia, mpaka wapiga debe. Leo umekuja peke yako, tena kwa miguu, unaniambia mie na sambusa zangu. Hizi sambusa zinajua mie si mwizi. Kule je?"

 Akanifungia sambusa kwenye gazeti, akakataa pesa yangu, na hilo liliniuma kuliko maneno.

Nilipokuwa naondoka aliniita. Alisema ameomba kazi kwa kampuni nyingine ya mabasi, palepale Mbezi. Meneja wao alikuwa amemwambia wazi kwamba anamfahamu, ni yule wa viti viwili. Hakuniomba nifanye kitu. Alinieleza tu, akageukia mteja.

Jumatatu nilimweleza mzee. Akasikitika kweli, akamwuliza mtu wake wa utawala kama ofisi inaweza kuiandikia kampuni ile. Mtu wa utawala akasema tukiandika tutakuwa tumekiri, na abiria wote waliowahi kugombania viti watatujia. Mzee akasema basi tulifikirie. Nilikaa ofisini tangu asubuhi mpaka saa kumi bila kugusa kompyuta. Ile sehemu nilikuwa nimeisafisha. Tangu niirekebishe hapakuwa na simu hata moja ya ugomvi wa kiti, na hakuna aliyegundua, maana simu isiyolia haisikiki. Kumbe uchafu uliobaki haukuwa kwenye Java; ulikuwa kwenye jina la yule dada, na huko ufutaji wangu haukufika.

Saa kumi hiyo Mkuu, aliyekuwa ameyasikia yote kupitia mlango wake, alitoka chumbani kwake, funguo za gari mkononi. Alisimama mbele ya meza yangu, na mhasibu akainuka kwa mazoea, tayari kupokea ujumbe.

"Kaa," Mkuu alimwambia. Kisha kwangu, "Twende Mbezi. Mwambie na yule mama aje."

Tulikwenda mpaka tukapita Kimara. Hapo akaanza kusema, macho barabarani, kwamba ile programu aliiandika wakati mke wake amelazwa na mimba ya mtoto wa kwanza, yeye akiandika wodini, kompyuta magotini, kwa sababu basi la kwanza lilikuwa limeshatangazwa redioni. Alisema ile sehemu ilipoanza kukubali, aliogopa kuipumulia. Ndiyo maana akaandika asiiguse mtu. "Nilikuwa najiandikia mwenyewe," alisema. "Halafu nikazoea." Yule mtoto sasa anasoma sekondari.

 Sikuwa nimemaliza kumkasirikia, na sikuona sababu ya kujifanya nimemaliza.

Yule dada alifika akiwa amevaa baibui jeusi na viatu vizuri, kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Tulimkuta meneja wa kampuni ile kwenye dirisha lao, anahesabu vifurushi vya kupakia. Mkuu akajitambulisha, akasema ametoka ofisi yetu, yeye ndiye mtengenezaji wa mfumo wake wa tiketi.

"Huyu mama," alisema, "tulimsimamisha kwa kuuza viti mara mbili. Hakuuza. Programu yetu ilikuwa na kosa. Kosa niliandika mie."

Alilisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeagiza dawa ya aibu. Meneja akaitikia kwa kichwa, "Sawa, braza, nimekuelewa," akaendelea na vifurushi.

Nikadhani yameisha. Mkuu naye alishageuka.

"Hebu rudia," yule dada akasema.

Mkuu akamtazama.

"Rudia kwa sauti. Wale wa madirisha ya kule hawajasikia. Na wale wapiga debe walikuwepo siku ile."

Mtu mwingine angekataa. Nilimwona anapima: watu, begi lake la kompyuta, miaka yake yote ya kuitwa Mkuu. Kisha akapanda kwenye ukingo wa simenti ulio mbele ya dirisha, akapaza sauti kama mpiga debe mwenyewe, akalirudia lote kuanzia mwanzo: kampuni gani, mama gani, alisingiziwa nini, na nani aliyekosea. Watu waligeuka. Mawakala wawili watatu walitoka kwenye madirisha yao. Mpiga debe mmoja akasema, "Kumbe!" na mwingine akacheka, na mama mmoja muuza maji akampigia yule dada kigelegele kifupi.

Yule dada hakucheka wala hakulia. Alirekebisha mtandio, akamwambia meneja, "Sasa tuongee kazi."

Walimpa dirisha la vifurushi, si la tiketi. Alilichukua. Kabati la sambusa alimwachia mdogo wake.

Mkuu na mimi tulirudi, foleni ya Morogoro Road imeshika mpaka Ubungo. Siku iliyofuata alinisalimia mwenyewe bila mhasibu, akasema nikitaka kufuta TiketiYaMwishoKabisa na ndugu zake, nifute. Nikafuta. Mchana nikafungua sehemu inayofuata ya programu, ile ya vifurushi, na humo nikakuta mabano matupu yaleyale kuanzia ukurasa wa kwanza.